Tajiri wa Raskazone

Dalali wangu alikuwa na pikipiki nyekundu, barakashia safi na sauti laini kama mtu anayekusomea dua. Kila nilichomwambia alijibu, "Usijali, sista." Mimi nilijali. Nilijali tangu siku ya kwanza, aliponidai elfu kumi kwa kunionyesha nyumba isiyo na paa.

"Hii ni hela ya usumbufu, sista."

"Usumbufu wa nani? Wewe umekaa kwenye pikipiki, mimi nimetembea juani na mtoto mgongoni na mwingine tumboni."

"Usijali, sista."

Nikampa. Ndivyo mambo yalivyo. Kuta za mji huu zimejaa maandishi ya rangi nyekundu, Nyumba Hii Haiuzwi, lakini ile inayouzwa kweli haiandikwi kitu. Mwenyewe anaona haya, majirani wasije wakasema njaa imemshika. Anamnong'oneza dalali, dalali anakunong'oneza wewe, na kila mnong'ono una bei yake. Nilionyeshwa nyumba tano kwa mtindo huo. Moja ilikuwa na kesi mahakamani. Nyingine ilikuwa na ndugu wanne waliokuwa wanagombana hapohapo barazani huku dalali akinisifia madirisha.

Niliharakisha kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi sita. Tulipanga Ngamiani, vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita yenye korido moja, choo kimoja na bomba moja. Ufunguo wa bomba alikuwa nao mama mwenye nyumba. Saa kumi alasiri anatia kufuli, anaweka ufunguo kifuani, basi. Binti yangu alikuwa na miaka miwili na tumbo jepesi. Akichafuka saa kumi na robo nimsafishe kwa nini, kwa mate? Siku tumbo la mimba lilipoanza kuonekana, yule mama alinitazama pale mlangoni akasema, "Huyo wa pili mumzalie kwenu. Hii nyumba, si zahanati." Alikuwa mkubwa kwangu, kwa hiyo nilipoingia ndani ndipo nikapiga ngumi mto mpaka ukatoa usufi. Nikaapa mtoto huyu atazaliwa akiwa na uani wake.

Pesa tulikuwa nayo, ila si ya kuchezea. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Mwezi mzima yuko barabarani, siku nne yuko nyumbani anakoroma. Mimi nashona sare, magauni, mashela ya maharusi. Kwa lori lake, cherehani yangu, na kiwanja tulichouza Pongwe, tulifika milioni ishirini na nane. Kabla hajaondoka safari ile aliniambia, "Ishirini na nane, mke wangu. Hata mia isizidi. Ukizidisha tutakula matofali."

Nyumba ya sita ilikuwa Nguvumali. Vyumba vitatu, baraza la mbele, bati lenye kutu upande mmoja, chumba kimoja cha uani kilichosimama peke yake. Uani kulikuwa na mstafeli, na chini ya mstafeli kisima. Kisima chenye ukingo wa saruji, kamba na ndoo. Nikavuta maji. Nikaonja, yana chumvi kidogo, si neno. Nikanawa uso. Nikamnawisha mtoto miguu. Nikanawa uso tena bila sababu yoyote.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mnunuzi hanawi uso mara mbili mbele ya dalali. Mnunuzi anakunja sura, anagonga ukuta, anauliza kama panafurika masika. Nilipogeuka nilimkuta anatabasamu kama mvuvi aliyesikia uzi umekaza.

Pale uani palikuwa na bibi mmoja, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Huyo ni mpangaji tu," dalali akanong'ona. "Usimsumbue, hasikii vizuri."

"Shikamoo, bibi," nikasema, si kwa sauti kubwa.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Njoo mama, njoo upate kipande." Binti yangu akaenda akapewa nazi. Nikajiambia, kwa mtu asiyesikia, huyu bibi anasikia vizuri. Lakini akili yangu ilikuwa kisimani.

Nje, dalali akataja bei. Thelathini na nne.

"Milioni?" nikauliza.

"Sista, kwani kisima kile ulidhani ni cha mapambo?"

Nikaanza na ishirini na tano. Kituo chake cha kazi kilikuwa benchi la muuza kahawa Ngamiani, kwa hiyo mazungumzo yote yalifanyika hapo, mimi nimesimama, yeye ana kikombe mkononi. Kila nikitaja bei anainuka, anasogea hatua kumi, anaweka simu sikioni, anatikisa kichwa, anarudi. "Bosi kakataa." Ishirini na sita: bosi kakataa. Ishirini na saba: bosi amekasirika kidogo. Nikaomba nizungumze na huyo bosi mwenyewe. "Yuko safarini, sista. Halafu ni mtu mzito, hapendi kelele." Siku ya tatu nikafika ishirini na nane, akasogea, akaweka simu sikioni, akawa anasema, "Ndiyo bosi, nimemwambia bosi," na simu ikaita. Ikaita hukohuko sikioni, kwa kelele, katikati ya maneno na bosi. Wazee wa kahawa wakaangua kicheko. Yeye akaitazama, akairudisha mfukoni polepole.

"Laini ya pili hiyo, sista. Usijali."

Hapo nikajua napigwa. Kila mtu mjini anajua habari ya cha juu. Mwenye nyumba anataja bei yake, dalali anapandisha, kinachozidi kinaingia mfukoni mwa dalali. Cha juu si siri na wala si wizi, ni desturi. Siri ni moja tu: cha juu ni kiasi gani? Ningejua bei ya kweli ya mwenye nyumba, ningejua pa kusimama.

Nikamwendea mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mjane, wakati ule alikuwa anakaa Usagara, chumba kimoja, anauza udi, ubani na viungo. Ni mwanamke mwema na nampenda, lakini kwa bei ana ugonjwa. Anabishania bei za vitu asivyotaka. Anaweza kusimama sokoni akamshusha mtu bei ya ng'onda mpaka nusu, yule mtu ameshaanza kufunga kwenye gazeti, halafu yeye akasema, "Haya, Mungu akubariki, leo sili samaki," akaondoka na furaha yake. Kwa kazi niliyotaka niliona hakuna kama yeye.

"Uende kwa dalali kama mnunuzi mwingine," nikamwambia. "Uulize bei tu, mama. Labda kwa mtu mzima atataja ya chini. Usitoe ofa."

"Mimi nitoe ofa? Kwa hela ipi, ya bizari?"

Nikamwazimia pochi kwa jirani, pochi nzuri iliyokatika kishikizo, nikakishona kwa uzi mweusi. Akavaa abaya niliyomshonea Idi, miwani ya jua, akajifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Akaenda. Alasiri akarudi, akavua viatu, akasema bila kunitazama, "Ni hiyohiyo thelathini na nne," halafu akauliza kama mtoto ameshakunywa uji.

Ningemjua vizuri siku ile kama ninavyomjua sasa, ningemkamata mkono pale pale. Mama mkwe akitoka kwenye bei hasemi sentensi moja. Husimulia mpaka magharibi.

Kesho yake dalali akapiga simu. "Sista, nyumba inaondoka hiyo. Kuna mama mmoja tajiri, wa Raskazone, kule kwenye majumba ya ufukweni, kafika thelathini taslimu. Ana wanawe Muscat."

"Thelathini? Kwa nyumba ya bati bovu?"

"Yeye kapenda kisima, sista."

Kisima changu! Nilihisi damu inapanda masikioni. Sina tabia ya kufikiri nikikasirika, na hilo si la kujisifu. Nikasema thelathini na nusu. Baada ya kukata simu ndipo nikakaa kitako kuhesabu hiyo mbili na nusu itatoka wapi. Nilikuwa na bangili za dhahabu za marehemu mama yangu, mbili, na cherehani ya pili ya kudarizi. Haya, cherehani iende.

Siku iliyofuata tajiri akafika thelathini na moja. Nikasema na nusu. Tajiri akafika thelathini na mbili. Nikasema na robo, na bangili moja ikaenda, kichwani mwangu. Tajiri thelathini na mbili na nusu. Nikasema thelathini na tatu, na bangili ya pili ikaenda, na huku mume wangu ananipigia kutoka njiani ananiuliza, "Bado ishirini na nane?" Nami nasema, "Bado, baba, tumeshikilia."

Wiki ile nilimlaani yule mama wa Raskazone kuliko nilivyowahi kumlaani mtu. Nilimwombea magari yake yote yazimike siku moja. Nilimwombea wanawe huko Muscat wasahau namba yake ya simu. Mama mkwe alikuwa anakuja kila siku kunisaidia kufua, amenuna, hasemi. Ananiuliza tu, "Umeongeza?"

"Sijaongeza, mama. Nipo palepale."

"Vizuri. Usiongeze."

Anashusha pumzi, anakamua nguo kama anamkamua mtu.

Thelathini na tatu ndiyo ilikuwa mwisho wangu. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa mume. Nikamwambia dalali, "Sasa basi. Huyo tajiri wako mlete. Mlete kwenye nyumba yenyewe, tutazamane macho kwa macho, atakayeshinda ashinde."

Alifurahi mpaka nikasikia kwenye simu. Aliona mnada. "Jumamosi saa nne, sista. Nitamleta mwenyewe, kwa gharama yangu."

Jumamosi nilitangulia. Nilivaa gauni langu bora, nikamvika mtoto viatu. Tulimkuta yule bibi uani anachagua mchele kwenye ungo, nikamwamkia, nikakaa kwenye ukingo wa kisima kama tayari ni wangu. Mara pikipiki ikanguruma nje. Dalali akaingia akimwongoza mtu kwa heshima zote, mkono mbele, "Pita mama, angalia kizingiti mama." Nyuma yake abaya nyeusi, miwani ya jua, harufu ya udi.

Niliijua pochi kabla ya mtu. Niliona kishikizo na uzi mweusi niliokishonea.

"Sista," dalali akasema, "huyu ndiye mama wa Raskazone."

Binti yangu akadondosha kiatu akakimbia. "Bibi! Bibi!" Akamkumbatia tajiri miguuni.

Mama mkwe akavua miwani. Tukatazamana.

"Wewe ndiye Muscat?" nikasema.

"Wewe ndiye bwana wa Dar?" akasema yeye.

"Bwana wa Dar gani?"

"Huyu!" Akamwonyesha dalali kwa pochi. "Huyu kaniambia kuna bwana wa Dar, ana kitambi, ana gari refu, anataka kuvunja nyumba ajenge baa! Nikaona haiwezekani. Nikasema acha nimzibe, nitoe thelathini, nyumba isiondoke mpaka wewe ujipange. Naye kila siku ananipigia, bwana wa Dar kaongeza, bwana wa Dar kaongeza. Sikulala wiki nzima, mwanangu. Nilimwombea kitambi kipasuke."

Nikashika tumbo langu la miezi sita.

"Mama, si nilikwambia uulize bei tu?"

"Niliuliza! Ila alivyonijibu ilikuwa kwa dharau. Alinitazama viatu. Nikaona nimwonyeshe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu na mkwewe, ufuaji mmoja, beseni moja, tumepandishana bei milioni tano kwa wiki moja, na kila mmoja anamwambia mwenzie asiongeze. Nikamgeukia dalali, na sauti niliyotoa nadhani walinisikia mpaka barabara ya lami.

"Thelathini na tatu! Umenifikisha thelathini na tatu kwa mama mkwe wangu mwenyewe! Nimeuza bangili za mama yangu kichwani kwa ajili ya mwanamke anayenifulia nepi!"

"Sista, usijali..."

"Ukiniambia usijali tena nakutumbukiza kisimani!"

Ungo wa mchele ukasimama.

"Thelathini na tatu nini?" bibi akauliza.

"Milioni, bibi. Ya nyumba hii."

"Nyumba hii ipi?"

"Hii, bibi. Hii uliyokalia."

"Hii yangu?"

Dalali akaanza kuchunguza simu yake kama ndiyo kwanza kapewa.

"Bibi," nikasema taratibu, "wewe si mpangaji?"

"Mpangaji wa nani? Kisima hicho kakichimba marehemu mume wangu, mimi juu napokea udongo kwa ndoo. Huyu kijana kaniambia wateja wakija ninyamaze, watanilaghai, nimwachie yeye. Nimenyamaza." Akamtazama dalali. "Si nilikwambia niletee ishirini na tano?"

"Ndiyo bibi, na ukasema kinachozidi changu. Mbele ya mwanao ulisema."

"Nilisema. Nilidhani utapata laki mbili, tatu, mboga ya wanao. Milioni nane, baba? Mboga gani hiyo? Wanangu wakisikia mtaani nyumba imeuzwa thelathini na tatu, nami nimewawekea mezani ishirini na tano, si watasema mama kala? Utaniweka wapi mimi, na magoti haya?"

Hapo nikaona nimeshinda. Nikaanza kumpa dalali maneno yote niliyokuwa nimeyaweka tangu nyumba isiyo na paa. Mwizi, mnafiki, bosi yuko safarini kumbe yuko anakuna nazi. Nilikuwa bado katikati, nimeinua mkono, bibi aliponikata.

"Lakini mwanangu, hebu. Kama thelathini na tatu unayo, kwa nini mimi nichukue ishirini na tano?"

Mkono ukabaki hewani. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile dalali alitabasamu.

"Ungenyamaza, sista," akasema kwa upole. "Mimi nilikuwa nakuja kukushushia mpaka thelathini na moja."

Sijui kama ilikuwa kweli. Najua tu kwamba mdomo wangu ulikuwa umeniuza. Bibi alikuwa ananitazama akisubiri, haki yake kabisa, nyumba ni yake. Na mimi nilisimama pale na gauni langu bora nikiiona nyumba inakwenda mbali. Nikiitoa thelathini na tatu, cherehani imekwenda na bangili zimekwenda na tunakula matofali. Nisipoitoa, mimi ni mwongo niliyepandisha bei ya mtu mzima kwa pesa nisiyo nayo. Miezi mitatu ilikuwa imebaki. Machozi yakanijia, na mimi nikikasirika ndipo nalia, jambo linaloniudhi zaidi.

Mama mkwe akamkabidhi mtoto pochi. Akasogea, akakaa chini kwenye mkeka, abaya na yote, mbele ya bibi.

"Dada yangu," akasema, "mimi ndiye tajiri wa Raskazone. Nakaa Usagara. Nauza bizari. Thelathini na mbili na nusu niliyotoa mimi ilikuwa hewa tupu. Tangu nizaliwe sijashika hata milioni mbili. Abaya kaishona huyu. Pochi ya jirani. Na mafuta ya pikipiki ya kunileta hapa kalipa dalali, na tulipofika njia panda kaninunulia soda, kwa kuwa mimi ni mteja mkubwa."

Bibi akamtazama. Akatazama pochi, binti yangu alikuwa ameivaa kichwani.

"Soda gani?"

"Ya machungwa. Baridi."

"Na wanao Muscat?"

"Mmoja tu, yuko na lori, hata sijui leo yupo wapi."

Bibi alianza kucheka mabegani, halafu tumboni, halafu ungo ukapinduka na mchele ukamwagika mkekani wote. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani. Mama mkwe naye akaangua. Nikacheka mimi, nalia na kucheka pamoja, naokota mchele. Dalali peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anaihesabu ile soda.

Bibi alipopata pumzi alijifuta macho. "Haya. Hewa tumeiweka kando. Mna ngapi ya kweli?"

"Ishirini na nane," nikasema. "Hapo ndani ndimo itakamotoka na ya karatasi za serikali ya mtaa na ya gari la kuhamia. Zaidi ya hapo ni cherehani yangu, na cherehani ndiyo inayotulisha."

"Unazaa lini?"

"Mwezi wa tisa, inshallah."

Akarudisha mchele kwenye ungo kwa kiganja. Alikuwa anahamia Muheza kwa bintiye; alituambia magoti yake hayaiwezi tena kamba ya kisima, na kila akivuta maji anasikia uchungu wa kumwacha marehemu. Halafu akasema, "Nipeni ishirini na sita na nusu. Niwaambie wanangu bei hiyo, na mtaani isikike hiyohiyo. Kijana apate moja. Nusu inayobaki mhamie."

"Moja!" dalali akaruka. "Bibi, nimezunguka miezi miwili, mafuta..."

"Moja nyingi!" nikaruka mimi. "Huyu hastahili hata shilingi! Katudanganya wote watatu!"

Bibi akainua kidole, tukanyamaza wote wawili kama watoto wa madrasa.

"Wewe," akaniambia, "bila huyu ungeijua nyumba yangu? Mlango wangu ungeugonga? Jasho la mtu halilwi, hata likinuka. Na wewe," akamgeukia, "cha juu nacho kina dari, baba. Na soda ya huyu dada uihesabu sadaka."

Mama mkwe akafungua mdomo. Nikamwona kabisa, ugonjwa umempanda, macho yanang'aa, yuko tayari kusema ishirini na sita.

"Mama," nikasema, "nyamaza."

Akanyamaza. Nadhani ndiyo bei pekee aliyowahi kuiacha ipite.

Jumatatu tukaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa. Wanawe bibi wawili walikuja, wakasikia bei kwa masikio yao, wakatia saini. Mama mkwe alikuwa shahidi wetu. Mtendaji akamuuliza, "Mama, mkazi wa wapi?" Akajinyoosha, akasema, "Raska..." nikamkanyaga mguu, "...Usagara." Dalali nilimlipa milioni yake mbele ya wote, noti kwa noti, kwa uso ambao nilitaka aukumbuke. Akazipokea kwa mikono miwili, akaniombea kizazi chema. Utamfanya nini mtu kama huyo?

Mume wangu nikampigia. "Imepatikana. Ishirini na nane na kila kitu ndani yake."

"Unaona?" akasema, anajisifu kabisa. "Nilikwambia ushikilie msimamo. Biashara ni msimamo, mke wangu."

Thelathini na tatu sikumwambia, wala mama yake hakumwambia. Akisoma hapa, ndiyo ajue leo.

Tulihama wiki hiyohiyo. Gari dogo la kwanza lilileta vitu vyetu. Sikuwa nimeagiza gari la pili, lakini saa saba lilikuja, na dalali juu ya pikipiki anaongoza mbele. Ndani ya gari kulikuwa na kitanda cha mama mkwe, jiko lake, magunia ya viungo na yeye mwenyewe.

"Cha uani ni changu," akasema akishuka.

"Mama, tulikubaliana lini?"

"Nyumba hii nimeipigania. Mwenzio nilifika thelathini na mbili na nusu."

"Ya hewa!"

"Hiyohiyo hewa ndiyo iliyomchekesha mwenyewe. Ungempa pesa yako ya kweli angekucheka?"

Nilikuwa na majibu saba, yote makali. Nikatafuta la kuanzia. Kabla sijalipata, yeye na dalali walikuwa wameshabeba kitanda, mmoja mbele mmoja nyuma, wanabishana bei ya kukibeba. Kikakwama mlangoni. Ikabidi nitafute spana tufungue miguu yote minne.